Harufu ya mayai viza kwenye kisima cha Mama, Mjimwema, Kigamboni: shajara ya kazi

Juni, Jumamosi ya kwanza

Naanza na vipimo, maana kila fundi atakayekuja atauliza haya haya. Kisima kimechimbwa kwa mashine, mita 54 kwenda chini. Kesingi, yaani bomba linaloshika kuta za kisima, ni PVC ya inchi 5. Maji yamesimama mita 12 kutoka juu, na pampu ya kuzama imening'inia mita 40. Inapandisha maji kwenye simtanki ya lita 2,000 iliyo juu ya mnara wa zege, kisha yanashuka yenyewe kwenda jikoni, bafuni na kwenye bomba la uani. Bafuni kuna hita ya umeme ya lita 50, iliyofungwa baada ya Mama kulalamikia magoti na maji ya baridi ya kipupwe.

Tatizo ni kwamba maji yananuka mayai viza. Hayanuki kwa kiwango kimoja kutwa nzima. Asubuhi ukifungua bomba mara ya kwanza, harufu ndiyo inayotangulia kutoka. Ukiyaacha yatiririke inapungua, na mchana unaweza kuisahau. Bafuni, upande wa maji ya moto, ndiko kubaya kuliko kote. Wageni wakitoka kuoga wanatoka na nyuso za adabu, hakuna anayesema kitu. Bangili za fedha za Mama zimegeuka nyeusi, na koki ya shaba ya uani imeota madoa ya kahawia ambayo hayatoki kwa majivu wala kwa limau.

Mama mwenyewe keshazoea. "Mbona mimi sisikii kitu, mwanangu?" Ni kweli hasikii. Pua ikikaa na harufu hii inaacha kuihesabu, ndiyo maana huwezi kumtegemea mwenye nyumba akwambie kama maji yamepona.

Dawa nilizokwisha kupewa bila kuomba: tia shabu, tia chumvi ya mawe, badilisha pampu, ziba kisima uchimbe kingine, nunua filta. Huyo wa filta alikuja na karatasi ya bei tayari mkononi na hakunusa hata glasi moja. Fedha aliyotaja inanunua simtanki mpya mbili na chenji inabaki. Sinunui kitu mpaka nijue harufu inazaliwa wapi, kwa sababu kuna sehemu tatu inakoweza kuzaliwa na kila moja ina tiba yake: ardhini, ndani ya kisima chenyewe, au kwenye mabomba na hita.

Jumapili yake

Mpwa wangu kaja kutoka Morogoro. Pua yake ni mpya, haijakaa na maji haya, nikamfanya maabara.

Kipimo hiki anaweza kukifanya yeyote. Tumeweka glasi nne safi. Ya kwanza tumeijaza pale kwenye kichwa cha kisima, kwenye koki ndogo kabla maji hayajapanda mnarani. Ya pili ni maji ya tangi. Ya tatu ni bomba baridi la jikoni, na ya nne maji ya moto ya bafuni. Mpwa kakaa barazani, mbali na mabomba, akaletewa moja moja bila kuambiwa imetoka wapi, na kati ya glasi na glasi anatoka nje kuvuta hewa.

Ya kisimani: "Mjomba, hii inanuka." Ya tangi na ya jikoni: inanuka kidogo, hana hakika kubwa. Ya moto: kairudisha kabla haijafika puani.

Tukarudi kwenye kichwa cha kisima na kuiacha pampu ifanye kazi nusu saa, maji yakimwagika kwenye michongoma. Harufu ilipungua waziwazi, lakini haikwisha. Ingekwisha kabisa, ningesema tatizo lote liko ndani ya kesingi, kwenye utando wa bakteria ulioota kutani. Ingebaki vile vile, ningesema ni ardhi tupu. Imepungua ikabaki, maana yake ni yote mawili. Na glasi ya nne inasema hita nayo ina lake.

Juni, katikati ya wiki

Nimezitoa karatasi za mchimbaji kwenye sanduku la Mama. Kila anayechimbiwa kisima adai karatasi hizi, ziwe hata kwa mwandiko wa kalamu ya risasi. Zinaonyesha tabaka: mchanga mpaka mita 26, udongo wa mfinyanzi wa kijivu cheusi "wenye makombe na vipande vya miti" mpaka mita 33, halafu mchanga tena mpaka chini. Kesingi yenye matundu iko sehemu mbili, moja ikigusa ukingo wa ule udongo mweusi na nyingine chini mita 42 hadi 50.

Kwa mtu aliyekulia Kigamboni, hapo hakuna fumbo. Udongo mweusi wenye makombe na miti ni tope la mikoko ya zamani lililofunikwa na mchanga. Nenda leo kwenye mikoko ya Mjimwema maji yakitoka, kanyaga tope, utasikia harufu ile ile. Kazi inayofanyika pale na kule chini ni moja. Kuna bakteria wanaoishi pasipo oksijeni. Wanakula mabaki ya mimea, na badala ya kuvuta oksijeni wanavuta salfeti, chumvi yenye salfa iliyoyeyuka majini, halafu wanatoa haidrojeni salfaidi, gesi ya mayai viza. Salfeti hapa Pwani si ya kutafuta: lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 2.7 za salfeti, kwa hiyo hata chembe ya bahari ikijipenyeza chini ya mchanga, bakteria wanapata cha kuvuta.

Watu wanaita "maji ya salfa", na wengine wanadhani ni unga ule wanaopulizia mikorosho kule Mtwara. Unga ule ni salfa kavu na haunuki mayai. Kinachonuka ni gesi, na kwa sababu ni gesi inaweza kufukuzwa.

Juni, wiki ya mwisho

Jambo ambalo sikutaka kulikisia ni choo. Maji yaliyoingiliwa na shimo la choo nayo yanaweza kunuka hivi, na hapo habari si ya harufu tena. Shimo letu liko upande wa pili wa kiwanja, zaidi ya mita 30 kutoka kisimani, umbali unaotajwa sana kwa mambo haya, ila la jirani sikulipima. Nikapeleka chupa maabara ya maji.

Majibu: vimelea vya kinyesi hakuna. pH, kipimo cha uchachu wa maji, ni 6.8. Chumvi iko juu kiasi, ladha yake Mama anaijua kwenye chai. Salfeti ipo ya kutosha. Chuma ni kidogo, nayo ni heri, maana chuma na gesi hii vikikutana vinatengeneza masizi meusi yanayoharibu nguo.

Gesi yenyewe hawakuipima kwenye chupa yangu, na mtaalamu wa pale alinieleza vizuri: ukiiweka chupa kwenye mfuko ukavuka nayo kivuko, gesi imeshatoka kabla hujafika. Ama uitie dawa ya zinki pale pale kisimani iikamate, ama uipime nyumbani. Nimenunua vifaa vya kupimia nyumbani. Unajaza chupa ndogo, unatia kidonge kinachotoa mapovu, unafunika na karatasi maalumu chini ya kifuniko. Mapovu yanaipandisha gesi, karatasi inageuka kahawia, unalinganisha rangi na kadi. Karatasi ile ina madini ya risasi, kwa hiyo watoto wakae mbali na mikono inawe.

Kisimani: kati ya miligramu 1 na 2 kwa lita mwanzoni, chini kidogo ya 1 baada ya nusu saa. Pua ya binadamu inaanza kuisikia gesi hii majini kwenye miligramu 0.05 hadi 0.1. Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha kiafya kwa maji ya kunywa, kwa sababu mtu ataikataa glasi kwa harufu muda mrefu kabla haijafikia kiasi cha kumdhuru. Hilo limemtuliza Mama kuliko vipimo vingine vyote.

pH ya 6.8 nayo ni habari njema. Chini ya 7, sehemu kubwa ya salfaidi iko katika umbo la gesi na hewa itaichukua. pH ingekuwa 8, karibu yote ingekuwa imejifunga kwenye maji, na kupuliza hewa peke yake kusingetosha.

Julai, Jumamosi ya kwanza: hita

Nimeanza na hita kwa kuwa ndiyo rahisi, na ndiyo inayowaudhi wageni.

Ndani ya hita ya chuma kuna fimbo ya magnesiamu. Kazi yake ni kuliwa na kutu badala ya tangi. Ni kitu kizuri, isipokuwa kwenye maji yenye salfeti: magnesiamu inapoliwa inawapa wale bakteria nguvu ya kufanyia kazi, na joto la vuguvugu linawafaa. Hita inakuwa kiwanda.

Umeme umezimwa kwenye swichi kubwa, si ile ya bafuni. Koki ya baridi imefungwa, maji yametolewa yote. Fimbo ilikataa spana ya kawaida, ikabidi fundi aongeze bomba kwenye mkono wa spana ndipo ikaachia. Ilipotoka, nusu ya chini haikuwa fimbo tena: waya wa katikati ulikuwa wazi, umeshikiwa na mabonge ya kijivu yanayomeguka kwa kidole, na juu yake utelezi mweusi. Fundi aligeuza uso. Chini ya tangi la hita yalikuwepo mashapo laini ya rangi ya majivu, tumeyasukuma nje kwa mpira mpaka maji yakatoka meupe.

"Kaka, tuiache bila fimbo, harufu kwisha." Ni kweli ingekwisha, na baada ya muda hita ingetoboka. Nimemkatalia. Nimepata fimbo ya alumini yenye zinki kidogo huko Gerezani, mjini Dar es Salaam, haina unene ule ule lakini uzi wake umekubali. Baada ya kuifunga, tumejaza hita, tukapandisha joto mpaka juu kabisa, zaidi ya nyuzi 60, na kuliacha usiku kucha kuua waliobaki. Nyumba nzima imeambiwa asiguse mtu bomba la moto mpaka asubuhi, kwa sababu maji ya joto hilo yanachuna ngozi.

Jumapili jioni mpwa kanusa kwa simu, yaani Mama kanusa na kusimulia. Nitasubiri pua ya kweli.

Julai, katikati: klorini kisimani

Hii ni hesabu, na mafundi wengi wanaifanya kwa vikombe. Kesingi ya inchi 5 inabeba lita 12.3 kwa kila mita. Maji yamesimama mita 12, kisima ni 54, basi kuna mita 42 za maji: takriban lita 516. Nataka miligramu 100 za klorini kwa lita, ndiyo kusema gramu 52 za klorini halisi. Unga wa klorini nilionao ni wa asilimia 65, kwa hiyo gramu 80. Nimezidisha mara mbili, gramu 160, kwa sababu nje ya kesingi kuna kokoto zilizojaa maji na utando, na huko nako dawa inatakiwa ifike.

Unga unatiwa kwenye ndoo ya maji, si maji juu ya unga. Ndoo iwe ya plastiki, kazi ifanyike nje penye upepo, na sabuni yoyote ya chooni yenye asidi iwe mbali kabisa, kwani vikikutana vinatoa gesi ya sumu. Mama alitaka kusimama karibu aone. "Nenda barazani, Mama, upepo unakuja kwako." Alikwenda huku akisema anajua klorini kabla sijazaliwa.

Tumeimwaga kisimani, kisha tukaunga mpira kwenye koki ya kichwa cha kisima na kuurudisha ndani ya kesingi, pampu ikawa inazungusha maji yale yale na kuosha kuta za juu. Baada ya hapo tumefungua kila bomba nyumbani mpaka likanuka klorini, hita ikiwa imefungiwa nje ya mzunguko. Tukaacha usiku mzima. Maji ya kunywa na kupikia yalikuwa kwenye madumu tangu jana.

Asubuhi kutoa. Maji ya kwanza yalikuwa meusi, yenye vipande vya utando vinavyoelea. Majirani walisogea kuangalia. Tumeyamwaga mchangani upande wa barabara, mbali na mchicha wa Mama na mbali na shimo la choo, ambalo lina bakteria wake tunaowahitaji.

Siku hiyo na zilizofuata, harufu hakuna. Mama kasema kazi imekwisha. Sikumbishia, ila kadi ya vipimo nimeiacha mlangoni.

Agosti, mwanzoni

Imerudi. Dhaifu kuliko mwanzo, karatasi inasoma chini kidogo ya 1 hata maji ya asubuhi. Ndiyo ile sehemu ya ardhi tuliyoisikia baada ya nusu saa ya pampu. Klorini imesafisha kisima, haikusafisha tabaka la tope la mikoko, na hakuna ndoo itakayolisafisha. Kuna watu wanamwaga klorini kila mwezi mwaka mzima wakidhani dawa ni hafifu. Dawa haina ubaya. Bakteria wako mbali kuliko inakofika.

Niliwaza kuziba yale matundu ya juu yanayogusa udongo mweusi. Inawezekana, kwa kushusha kesingi nyembamba ndani ya hii na kujaza saruji katikati, lakini pampu iliyopo haitapita tena, na hakuna anayenihakikishia kwamba maji ya mita 42 hayatoki kwenye ukoo huo huo. Nimeliacha.

Mzee wa nyumba ya tatu, mtu wa Tanga, kapita wakati napima.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unahangaika na nini? Kwetu Amboni maji haya haya watu wanayafuata wakaoge, yanatibu ngozi."

Amboni kweli kuna chemchemi za moto zenye kiberiti, na watu wanakwenda kuoga wakiamini zinatibu. Nikamwambia Mama hana ugonjwa wa ngozi, ana wageni. Alicheka, akanusa glasi, akasema ya Amboni ni kali zaidi.

Agosti, wikendi mbili za kuchomelea

Sasa hewa. Wazo ni dogo: maji yakivunjwavunjwa yakawa matone na kupita kwenye hewa inayotembea, gesi inatoka. Ugumu uko kwenye kuyafanya yavunjike vya kutosha na hewa isisimame.

Zege la mnara lilimwagwa kwa hesabu ya simtanki mbili za lita 2,000, na nafasi moja imekuwa tupu siku zote. Hapo fundi wa kuchomelea kasimamisha meza ya engo, ndefu kuliko simtanki iliyopo, na juu ya meza tumeweka tangi la lita 500. Maji ya pampu yanaingia kwanza kwenye hili dogo kwa juu, yananyeshea ndani yake, kisha yanashuka kwa bomba la inchi moja na nusu kwenda kwenye kubwa. Floti inayozima pampu imebaki kwenye kubwa.

Kinyunyizio nimekitengeneza kwa bomba la PVC la inchi 1 lililozibwa mwisho. Pampu yangu inatoa kama lita 2,000 kwa saa. Eneo la mdomo wa bomba la inchi 1 ni karibu sentimita 5 za mraba. Tundu la milimita 3 lina 0.07. Matundu 80 yanatoa 5.6, kwa hiyo pampu haikabwi na maji bado yanatoka kwa mchirizi mwembamba. Drili inataka kichwa kipya. Kilichochakaa kinayeyusha plastiki na kuacha mdomo wenye ndevu, na tundu lenye ndevu linatema maji upande.

Chini ya kinyunyizio kuna wavu mgumu, na juu ya wavu nimemwaga vipande vifupi vya bomba la PVC, mabaki ya ujenzi wa nyumba yaliyokuwa yanalala nyuma ya banda la kuku, vikiwa vimekatwa na kuoshwa. Maji yanagonga kipande, yanatandaa, yanadondoka kwenye kingine, na gesi inapata nafasi ya kutoka.

Hewa ndiyo imenichukulia muda. Feni ya volti 12 inayotumia paneli ndogo ya sola niliifunga juu, ivute gesi nje. Baada ya muda mfupi ilianza kukwaruza, nikaifungua: waya zake za shaba zimepiga weusi. Gesi ile ile iliyochafua bangili. Nyingine nimeifunga chini, inasukuma hewa safi kuingia ubavuni juu kidogo ya maji, na gesi inatoka yenyewe kwa tundu la mfunikoni. Feni haigusani na gesi tena. Matundu yote yana wavu wa mbu, maana sikukusudia kufuga mazalia ya homa ya dengi juu ya kichwa cha Mama.

Onyo nililowapa mafundi wote na nitalirudia kwa kila atakayepanda mnarani: hakuna kuingiza kichwa ndani ya tangi hili wakati pampu inafanya kazi, na hakuna mtu atakayeshuka kwenye kisima chochote cha mkono chenye harufu hii kwenda "kuangalia". Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inajikusanya chini. Ikiwa kidogo inanuka, ikizidi sana inaua uwezo wa pua kunusa, na mtu anadhani imekwisha.

Septemba, mwanzoni

Tangi kubwa: karatasi inasoma kati ya 0.1 na 0.2. Mpwa kaja tena, glasi nne zile zile. Ya kisimani kaitambua. Ya tangi, ya jikoni na ya moto amezichanganya, hajui ipi ni ipi. Fimbo ya alumini inafanya kazi yake.

Limezuka jambo jingine, nalo ni la kawaida. Asubuhi maji ya kwanza kwenye tangi kubwa yana ukungu mweupe hafifu. Sehemu ya gesi haitoroki, inakutana na oksijeni na kugeuka salfa yenyewe, punje ndogo mno zinazoelea. Haidhuru, ila kwenye glasi inaonekana. Nimepandisha bomba la kutolea maji sentimita 15 kutoka sakafu ya tangi na kuweka koki ya kutolea mashapo chini kabisa, punje zitue na zitolewe. Kwenye vipande vya PVC nako kumeota nyuzi laini nyeupe, hao ni bakteria wengine, wanaokula salfaidi palipo na oksijeni. Wanatusaidia, lakini wakizidi wanaziba matundu. Kinyunyizio nimekifunga kwa yunioni ili mtu akifungue kwa mkono na kukiosha bila msumeno.

Septemba, baadaye

Kile kidogo kilichobaki nakimalizia kwa klorini, na hapo hapo tangi linapata kinga. Kuibadilisha salfaidi yote iwe salfeti inataka zaidi ya miligramu 8 za klorini kwa kila miligramu moja. Kabla ya hewa, tangi moja lingekula dawa kama maji. Sasa hesabu ni hii: miligramu 0.2 mara lita 2,000 ni gramu 0.4, mara 8.3 ni gramu 3.3, ongeza gramu 1 ibaki majini. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo ya asilimia 3.5, ile isiyo na manukato, ni kama mililita 120 kwa tangi lililojaa.

Jikoni nimefunga filta ndogo ya mkaa chini ya sinki kwa maji ya kunywa. Yule wa filta kubwa alipiga simu, nikamwambia sasa maji yako tayari kwa filta, ila ndogo. Mkaa unashika gesi hii vizuri ikiwa chache. Ungewekwa mwanzoni, mbele ya miligramu 1 na zaidi, ungejaa upesi, na Mama angekuwa ananunua kaseti mpya wakati ya kwanza hajaisahau bei.

Oktoba, kabla ya vuli

Bangili za Mama nimezisugua kwa magadi, ndani ya sufuria yenye karatasi ya alumini na maji ya moto. Zimerudi kung'aa, na sasa amezivaa wiki kadhaa hazijageuka rangi. Naziamini kuliko kadi.

Malalamiko mapya yameingia: "Sasa yananuka dawa." Nimepima, klorini inayobaki iko juu ya inayohitajika, kwa sababu hewa inaondoa gesi zaidi ya nilivyohesabu. Nimeshusha kipimo mpaka mililita 60 na nimemwachia Mama kikombe chenye alama ya wino.

Yaliyobaki: kufungua koki ya kutolea mashapo kila Jumamosi, kuosha kinyunyizio mwezi ujao, na kupima kichwa cha kisima baada ya mvua za vuli kuona kama maji yakipanda harufu inabadilika. Mzee wa Tanga kaomba michoro ya tangi la juu, kwa ajili ya bomba la mkewe.